Jinsi mtaa mzima ulivyohamia fezi ya mgonjwa wetu

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio na umeme na mnaosoma huku mnaibania chaji.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nasoma, nacheka peke yangu, nalala. Leo naandika kwa sababu kuna kitu kimenikaa kifuani tangu tutoke kuzika, na mke wangu ameshachoka kunisikiliza.

Ninayoandika sijasimuliwa, yametokea sebuleni kwangu. Anayebisha aje Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, aulizie nyumba iliyokuwa na mgonjwa wa mashine. Ataletwa mpaka mlangoni. Chumvi sitatia, yenyewe inayo ya kutosha.

Mafundi umeme mliomo humu, nikikosea lugha yenu mnisamehe. Mimi nauza spea za pikipiki.

Twende.

Asili yetu ni Butiama. Mzee wangu alitumikia maisha yake yote kiwanda cha kuchambulia pamba kule Bunda, akastaafu, akarudi kijijini kwa ng'ombe wake. Alikuwa mtu wa kutembea. Ukimfuata nyuma unaona aibu, wewe kijana unahema na yeye anapiga stori.

Halafu kifua kikaanza. Kwanza kikohozi, baadaye hata kufika zizini ikawa safari. Daktari akasema mapafu yamechoka. Mzee mwenyewe alisema ni vumbi la pamba. Mimi sijui la nani ni kweli, ninachojua ni kwamba alitoka hospitali na sharti moja: apumulie mashine ya oksijeni, hasa akilala.

Kwa wasioijua, ni kamashine ka nyumbani, kimo cha kiti, kana magurudumu. Kanavuta hewa, kanaichuja, kanakuletea oksijeni puani kwa mrija mwembamba. Kanakula umeme. Umeme ukipungua kanalia piii, ukizidi kupungua kanazima.

Basi, shida yetu yote ilikuwa hapo. Umeme mzuri, mzee anapumua. Umeme mbovu, mzee anakaa kitandani ameinama mbele, mikono magotini, anaitafuta hewa, na wewe umesimama huna la kufanya.

Tukakaa kikao cha ndugu. Dada yangu mkubwa, Perpetua, ameolewa Bunda na alitaka akae kwake. Mimi nilimtaka zaidi. Nilikaa shule ya bweni, nikaenda kutafuta maisha, nikaoa, na ukweli ni kwamba baba yangu sikuwahi kukaa naye hata mwaka mmoja ulionyooka tangu nikiwa mdogo. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu.

Ikaamuliwa aje kwangu. Hospitali ipo karibu, na kubwa zaidi, umeme wa kwangu ulikuwa mzuri kuliko wa nyumba yoyote mtaani.

Hapa inabidi niwaeleze kidogo kuhusu fezi.

Transfoma ya mtaani inatoa nyaya tatu zinazoleta umeme. Kila waya ni fezi. Mafundi wanaziita nyekundu, njano na bluu, na nyumba ya kawaida inafungwa kwenye moja tu. Chukulia ni mabirika matatu ya kunyweshea. Ng'ombe wote wakikimbilia birika moja, hilo linakauka na mengine mawili yanabaki yamejaa.

Mimi nilikuwa njano. Sikuchagua, fundi aliyenifungia umeme ndiye aliyeniweka huko kipindi Buhare bado mashamba. Kwa bahati, njano ilikuwa na watu wachache. Jioni mtaa mzima taa zikiwa hafifu, kwangu feni ilikuwa inazunguka mpaka pazia linapepea.

Mzee akaja. Nikamwekea kiti cha mikono chini ya feni, mashine pembeni, dirisha linatazama barabara. Mashine aliiita "mgeni." Asubuhi ukimuuliza umeamkaje anakwambia, "Mimi mzima, sijui mgeni."

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri mno. Nilikuwa nafunga duka mapema ili nikamkute macho. Alinisimulia mambo ya Bunda ambayo sikuwahi kuyasikia, pamoja na jinsi alivyomposa mama. Nilikuwa nafurahi kama mtoto, naomba niseme hivyo hivyo.

Sasa, wakuu, mnawajua watu wa Mara na mgonjwa.

Huku kwetu mgonjwa akifika mtaani hakai siri. Kila nyumba inakuja kumuona. Hawaji mikono mitupu. Huyu kaleta maziwa, huyu sukari, yule sato wawili wabichi kwenye mfuko. Wanaingia, wanasalimia, wanasali, halafu wanakaa kimya wakimtazama mgonjwa. Kule kukaa kimya ndiko kuna heshima yenyewe. Huwezi kutoa pole ukaondoka mbio.

Shida ya kukaa kimya ni kwamba macho yanatafuta kazi.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Bwire, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Mjita, mtu mpole, anafundisha sekondari. Alikuja saa za jioni, muda ambao kila nyumba inapika. Alisali vizuri sana. Akakaa. Akamtazama mzee, akaitazama mashine, akainua macho polepole mpaka kwenye feni, akabaki huko.

"Baba Neema," akasema, "kumbe feni yenu inazungukaga hivi?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kwetu saa hizi huwa naisukuma na fimbo ndio ianze. Nyie mko fezi gani?"

Nikajibu njano. Kwa roho safi kabisa, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Wiki ile ile nikamuona Volti juu ya nguzo mbele ya kwa Mwalimu. Volti ni kishoka wetu, fundi umeme asiye wa ofisi. Jina lake halisi silijui na nadhani hata yeye hapendi lijulikane. Hana kitambulisho wala buti, ana ngazi ya mbao na koleo lenye mpira, na anapanda nguzo mchana kweupe huku watoto wanatoka shule. Alichofanya ni kuung'oa waya wa Mwalimu kwenye nyekundu na kuupeleka njano.

Sikufikiria sana. Mtu mmoja ana neno gani.

Lakini Mwalimu alipata umeme mzuri, na mtu akipata kitu kizuri anasema. Na wageni wa mzee hawakukoma. Alikuja mama mmoja anayeuza barafu na samaki wa friji, akatazama feni. Wakaja wanakwaya, wakatazama feni katikati ya wimbo. Akaja mwenyekiti wa mtaa mwenyewe, akampa mzee mkono, akatazama feni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza mambo ya ofisi, "Hapa mnatumiaga fezi ipi?"

Mzee akawa amejua. Mgeni akishatoka na geti likajifunga, anasema, "Huyu naye anahama."

Na kweli. Siku mbili tatu, Volti yuko juu.

Jioni moja mashine ikalia kwa mara ya kwanza. Piii. Mimi na mke wangu tuliruka wote. Taa imekuwa ya rangi ya chai, feni inazunguka kwa huruma. Tukazima friji, tukazima TV, tukazima kila kitu, ikanyamaza. Kesho yake ikalia tena, muda ule ule. Ikawa ndiyo saa yetu. Mzee anasikia piii anasema, "Majirani wamebandika."

Alikuwa anatania, lakini nilikuwa naona vidole vyake vimeshika mkono wa kiti.

Nikanunua stabilaiza, kile kiboksi cha kusawazisha umeme. Ikasaidia kidogo, baadaye nayo ikaanza kulia, tak, tak, tak. Nikawa na mashine mbili zinazolia.

Nikaenda ofisi ya umeme. Nisiwasingizie, walinipokea vizuri. Walikuja mafundi wawili, wakapima, wakatazama juu ya nguzo, wakatazamana.

"Kaka," mmoja akaniambia, "huku mmejaa wote njano. Nani kawapeleka?"

Nikajifanya natazama nguzo. Volti anakula chapati kwenye kibanda ng'ambo ya barabara anatutazama.

Wakaeleza kwamba transfoma yenyewe ni ndogo, ya enzi za nyumba chache, na mtaa umekua. Wameshaomba kubwa zaidi. Kugawa watu upya kunataka timu, gari, na siku nzima ya kuzima umeme, na gari ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa Bugwema kwenye nguzo zilizoanguka, Nyegina, kila mahali. Akaniambia vumilia. Alisema kwa upole, na nilimuona naye amechoka, sikuwa na nguvu ya kumgombeza. Nikawa mtu wa kwenda pale kila baada ya muda, mpaka walinzi wakanizoea, wananiuliza mzee anaendeleaje.

Sasa hapa mnaweza kunisema.

Nilimwita Volti.

Alikuja anatabasamu. "Bosi, nilikuwa nakusubiri. Nyekundu saa hizi iko tupu. Wote si wamehama? Nikuweke huko mzee apumzike."

Nilijua si halali. Nilijua pia ni hatari, mtu anaweza kubaki pale juu ameshika waya. Lakini niliingia ndani, nikamuona mzee ameinama mbele mikono magotini, nikatoka nikamwambia panda.

Jioni ile mashine iliunguruma bila kulia hata mara moja. Mzee alilala mapema. Mke wangu alikaa sebuleni anaitazama feni kama anatazama tamthilia.

Tukaweka mkakati. Mke wangu akasema, mgeni akigonga geti, zima feni. Na tukafanya. Watu wakawa wanakuja kumuona mgonjwa, wanakaa kwenye joto, jasho linawatiririka, wanajipepea na leso, na sisi tumekaa nao tunajipepea kwa unafiki. Mwalimu Bwire akaja tena, akatazama juu, feni imelala. Akasikitika. "Hata nyie siku hizi?"

Mke wangu akasema, "Hata sisi, Mwalimu."

Mzee akakohoa pale kwenye kiti. Akatoa mrija puani ili asikike vizuri.

"Wamezima," akasema. "Tulihamia nyekundu. Nyekundu ni nzuri."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu aliangalia chini, mke wangu akakimbilia jikoni kuangalia chai ambayo haikuwepo.

Alipoondoka nikamvaa mzee. Nilimkasirikia baba yangu, mgonjwa, mwenye mrija puani. Nikamwambia, baba, hawa watu ndio wanaokumalizia umeme, na wewe unawaonyesha njia.

Akanitazama bila hasira.

"Mwanangu, mtu katoka kwake na maziwa kuja kuniona mimi. Nimdanganye nikiwa naumwa hivi? Nikifa leo je?"

Nikawasha feni.

Mnajua kilichofuata. Mtaa ukahamia nyekundu. Volti alipanda nguzo zile mpaka nadhani ndege walimzoea. Waliokuwa njano wakaja nyekundu, wa bluu wakaja nyekundu, na kila alipounganisha alikuwa anasokota tu waya juu ya waya. Mtaa mzima ukawa unamfuata mgonjwa wetu kama wanakwaya wanavyomfuata mwalimu wao. Njano na bluu zikabaki kwa wachache wasiojua habari, wakifurahia maisha.

Naomba nieleweke hapa. Hawa hawakuwa watu wabaya. Hakuna hata mmoja aliyekaa akasema ngoja nikamzibie mzee pumzi. Kila mmoja alikuwa anahamisha nyumba yake moja tu.

Jioni moja ya Jumapili transfoma ikapiga kelele, puuu, kama tairi la lori. Cheche zikaruka. Mtaa ukawa giza, wote, fezi zote.

Mashine ikalia ule mlio mrefu ikazima.

Tulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba, ukiufungua unaisha upesi. Nilikuwa nahangaika na spana, hata tochi nimeshindwa kuishika. Ghafla sebule ikawa na mwanga. Majirani wameingia na simu zao zimewashwa tochi, bila kuitwa. Mama wa barafu ameshika bega la mzee anampepea na sinia. Mwenyekiti katoa gari lake. Mwalimu Bwire aliupakata ule mtungi njia nzima mpaka hospitali, ameukumbatia kama mtoto, anasali kwa Kijita, shati lote limelowa.

Kwa hiyo, mtaniambia niwachukie. Nimejaribu, nimeshindwa.

Mzee alitoka hospitali baada ya siku kadhaa, lakini mtaani hakukuwa na umeme. Transfoma imeungua na ya kubadilishia haipo. Perpetua akaja na mume wake, hawakunilaumu, walipakia mashine, stabilaiza na kile kiti cha mikono. Dada aliniambia, "Mdogo wangu, acha akakae Bunda, kwetu barabarani haukatiki ovyo."

Mzee akiwa ndani ya gari akaniuliza, "Wakirudisha utanifuata?"

Nikamwambia siku hiyo hiyo.

Basi nikawa mtu wa Jumapili. Napanda gari asubuhi kwenda Bunda, nakaa naye mpaka alasiri, narudi Buhare kwenye giza. Sio mbali. Lakini si sawa na kufunga duka na kumkuta kwenye kiti. Zile stori za jioni zikaisha. Jumapili mtu ana wageni wengine, kuna wajukuu, kuna ibada ya redioni, unamuuliza anaendeleaje anakujibu kama anavyowajibu wengine.

Hili ndilo linaniuma mpaka leo, wakuu. Nilipewa muda na baba yangu kisha ukaliwa jioni moja moja, na watu waliokuja na maziwa.

Transfoma ikaja. Sitasema ilichukua muda gani, mnayajua mambo haya. Ilikuja kubwa, mpya, inang'aa. Na safari hii ofisi ikaamua haitaiwasha mpaka watu wagawanywe upya vizuri, na wakaitisha mkutano wa mtaa.

Akaja injinia, dada mmoja mtaratibu. Akaeleza vizuri, akachora ubaoni. Akasema tutagawana sawa, theluthi nyekundu, theluthi njano, theluthi bluu. Kosa lake likawa moja tu, la ugeni. Akauliza kuna mwenye hoja.

Mzee mmoja akanyanyuka. "Mimi nyekundu siwezi kukaa. Kwangu wote ni wa njano, toka babu."

Watu wakacheka, injinia akacheka pia akidhani ni utani. Haikuwa utani. Mnajua zile timu mbili za mpira za Kariakoo, moja njano moja nyekundu, zinavyotutenda. Kwa dakika kadhaa mkutano wa umeme ukageuka wa mpira. Wa njano wakakaa upande huu, wa nyekundu upande ule, wanatupiana matokeo ya mechi. Bluu haikupata mtu hata mmoja.

Injinia akafuta rangi ubaoni. Akaandika A, B na C.

Wote wakataka A. Mama wa barafu akasema yeye watoto wake hawajawahi kupata C, haiwezi kuanzia kwenye umeme.

Dada wa watu akaweka chaki chini, akajifuta mikono. "Hakuna atakayechagua. Tunaanza na nyumba ya kona, hii moja, hii mbili, hii tatu, tunarudia. Tukimaliza tunafunga sili kwenye nguzo. Nikikuta waya umehama, nakata."

Mwalimu Bwire akasimama, akavua kofia.

"Mheshimiwa injinia, tunakubali. Lakini tunaomba Baba Neema achague mwenyewe. Ana mgonjwa. Tulimkosea."

Watu wakasema kweli, achague, achague. Niliwaona wamemaanisha.

Injinia akaniuliza, "Unataka ipi?"

Mkutano mzima ukanigeukia. Nikaziona zile sura, naapa ni zile zile za sebuleni zilizokuwa zinatazama feni. Nikajua nikitaja tu, nimekwisha.

Nikasema, "Yoyote."

Watu wakaguna. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Huyu kuna kitu anajua."

Wakatugawa. Niliangukia bluu. Umeme ukawashwa na, wakuu, ukawa mzuri. Jioni nilitoka nje nikasimama barabarani kutazama. Nyumba zote zinawaka sawa, kwa Mwalimu, kwa mwenyekiti, kwa mama wa barafu. Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote. Sikufurahi nilivyotegemea, nilijisikia uchovu tu, nikaingia ndani kumpigia Perpetua.

Nikamwambia umerudi, Jumamosi naja kumchukua.

Dada akasema ngoja kidogo. Mzee ameomba apelekwe kwanza Butiama akaone ng'ombe wake, atakaa siku chache. Kijijini umeme umeshafika, transfoma ni mpya na nyumba ni chache, wamejaribu mashine inaunguruma vizuri. Nikasema sawa, atoke huko aje kwangu.

Hakutoka.

Alifariki alfajiri, kitandani kwake, ng'ombe wakiwa hawajafunguliwa. Sitaki mtu aandike chini hapa kwamba umeme ulimuua. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Umeme ulikuwepo, tena mzuri kuliko wa mjini. Mapafu ndiyo yalifika mwisho, daktari alishatuambia. Mgeni alikuwa bado anaunguruma pale pembeni, Perpetua ndiye aliyemzima.

Watu wa Buhare walikodi Coaster. Wote walikuja, na Volti alikuja. Walichimba, walibeba maji, walilia kuliko ndugu wengine. Mwalimu Bwire alisoma salamu za mtaa akashindwa kumaliza.

Jioni baada ya kuzika nilikaa kwenye benchi chini ya turubai. Mwalimu akaja akakaa karibu yangu. Akanishika mkono, hakuuachia. Tukakaa kimya muda mrefu, kile kimya chao cha heshima. Nilishukuru kwamba hasemi kitu.

Juu yetu walikuwa wamening'iniza taa. Inawaka nyeupe, mpaka uwanja wote unaonekana, ng'ombe wanaonekana kwa nyuma. Nikamuona Mwalimu anainua macho polepole. Akabaki huko.

Akanisogelea sikioni.

"Baba Neema. Huku mnatumiaga fezi gani?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikainama, machozi yanatoka, shangazi zangu wakakimbia kuja kunishika wakijua nimezidiwa na msiba. Na Mwalimu mwenyewe, maskini, alikuwa ananipiga mgongoni akisema, "Lia, Baba Neema, lia tu." Sidhani hata anajua alichouliza. Ningemsimulia mzee ile, angesema, "Huyu naye anahama."

Nililia baadaye, vizuri.

Funzo nililopata si kubwa. Hakuna fezi nzuri, kuna fezi ambayo watu hawajaifikia bado. Sisi tulihangaika na vishoka, tukafukuzana kwenye nguzo, wakati ilitosha siku moja kukaa wote na mtu mwenye ubao na chaki. Na ofisi nazo zikumbuke kwamba wakati zinasubiri gari, mtaani kuna mtu anapumulia huo huo umeme. Mwenye mgonjwa wa mashine, kaa na mtungi wa akiba uliojaa, na mwombe fundi halali akague nguzo kabla hamjafika tulipofika. Kishoka usimwite. Nilimwita, najua ninachosema.

Volti siku hizi anafunga madishi. Sili bado ziko nguzoni, mpaka naandika hivi hazijaguswa.

Kiti cha mikono Perpetua alinirudishia. Nimekiweka pale pale chini ya feni, na feni inazunguka vizuri mno. Hakuna anayekikalia, hata wageni wanakikwepa wenyewe.

Karibuni kwa maoni, hata ya kunisema. Nawe unayesoma, kabla hujaandika chochote, tuambie kwanza: kwenu uko fezi gani, na mko wangapi?